Waliojua Kwanza Walikuwa Majirani

Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo unaoeleza namna kampuni zilizoorodheshwa zitakavyoripoti mambo ya mazingira, jamii na utawala. Tangu hapo ripoti za mwaka zimenenepa. Kabla hujafika kwenye faida na hasara unakutana na miche iliyopandwa, visima vilivyochimbwa, wanafunzi waliolipiwa karo, na mahali fulani aya moja ya haki za binadamu. Msomaji wa Nairobi huenda akaipita aya hiyo kama anavyoipita picha ya mwenyekiti. Msomaji wa Ngoingwa hawezi. Mtaa huu ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Mang'u una watu wengi wanaoishi kwa viwanda na mashamba ya pande hizi, wawe wa mshahara, wa kodi ya nyumba au wa duka la rejareja, na kati ya 2020 na 2024 majina mawili makubwa ya kilimo cha jirani, Kakuzi ya Makuyu na Del Monte ya Thika, yalianikwa katika magazeti ya London kwa tuhuma zilizowahusu walinzi wao. Miaka hiyo hunirudia kila ripoti mpya inapotoka, kwa kuwa kurasa zake huzungumzia jina la kampuni kana kwamba ni mali iliyo chini ya kitengo cha mawasiliano. Nionavyo mimi, jina hilo hutegemea njia ambayo habari mbaya hupitia kutoka kwenye fensi ya shamba hadi kwenye meza ya wakurugenzi. Njia hiyo ikikatika, hakuna msemaji atakayeiunga.

Kuanza na 2020, hata hivyo, ni kuanza katikati. Mwaka 1999 shirika la kutetea haki za binadamu la KHRC lilianzisha kampeni kuhusu hali ya wafanyakazi katika shamba la mananasi la Del Monte huko Thika: ujira, vibarua wasio na uhakika wa kesho, dawa za kunyunyizia. Mwenye kampuni wakati huo alikuwa Cirio ya Italia, na wanaharakati wa huko wakawahimiza wanunuzi wa nchi yao wazisusie bidhaa za Del Monte. Mvutano ulikwenda mpaka 2001, kampuni ilipokubali kuketi na chama cha wafanyakazi pamoja na mashirika ya kiraia, na ususiaji ukakoma. Kisa hicho kina mafunzo mawili, na la pili ndilo linalonishughulisha zaidi. La kwanza ni kwamba malalamiko ya kibarua wa Thika yalifika Italia kwa watumiaji upesi kuliko yalivyofika Italia kwa wakurugenzi. La pili ni kwamba miaka michache baadaye, 2004, umiliki ulipita kwa Fresh Del Monte Produce, kampuni yenye makao yake Florida, Marekani. Mmiliki akibadilika, ardhi hubaki ileile na majirani walewale. Mikataba, mitambo na madeni hukabidhiwa kwa orodha iliyotiwa sahihi. Kumbukumbu ya ugomvi wa zamani na jinsi ulivyotatuliwa haina orodha wala mtu wa kuitia sahihi. Watu wa Thika waliukumbuka mwaka 1999. Sioni dalili kwamba bodi iliyokuja ilirithi kumbukumbu hiyo.

Kisha ikaja zamu ya Makuyu. Oktoba 2020 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilichapisha habari za kesi iliyofunguliwa London dhidi ya Camellia, kampuni inayomiliki zaidi ya nusu ya hisa za Kakuzi. Walalamikaji 79, wakiwakilishwa na mawakili wa Leigh Day, walitoa madai mazito dhidi ya walinzi wa shamba: vipigo, ubakaji, na kifo cha kijana aliyeshukiwa kuiba parachichi. Madai yenyewe yalirudi nyuma hadi 2009. Tesco, Sainsbury's na Lidl zikasimamisha ununuzi. Februari 2021 Camellia ilitangaza makubaliano ya hadi pauni milioni 4.6. Makubaliano si hukumu, na hakuna mahakama iliyopima ushahidi wa kila dai; hilo lazima lisemwe. Lakini yatazame masharti yaliyoambatana na fedha hizo. Kampuni ingeweka utaratibu wa kupokea na kusuluhisha malalamiko ya watu wa nje. Ingeajiri maofisa wa usalama wanawake. Ingerahisisha matumizi ya njia zinazopita shambani. Ingejenga mahali pa jamii kukutania. Ukilisoma kila sharti kinyume chake unapata picha ya pengo lililokuwapo: mtu aliyeumizwa hakuwa na dirisha la kulalamikia linaloaminika, mwanamke hakuwa na mwanamke mwenzake wa kumweleza, na anayekatiza shambani kwenda sokoni alikuwa akipita kwa hisani ya mlinzi. Hakuna hata moja kati ya haya lililohitaji mpelelezi kutoka ng'ambo. Mtoto wa shule ya msingi ya Makuyu angeweza kuyaeleza.

Ajabu ni kwamba Kakuzi haikuwa kampuni ya vichochoroni. Imeorodheshwa Nairobi na London. Ina bodi, kamati ya ukaguzi na wakaguzi wa hesabu wa nje. Inafungwa na kanuni za utawala wa kampuni zilizotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji mwaka 2015. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka huohuo kinamtaka mkurugenzi, anapotafuta mafanikio ya kampuni, azingatie athari za shughuli zake kwa jamii na mazingira, na pia haja ya kampuni kudumisha jina la uadilifu katika biashara. Kwa hiyo sheria ilishalifungamanisha jina na jamii miaka mitano kabla ya kashfa. Kilichokosekana si maandishi. Vyombo vyote vilivyokuwapo vilielekezwa upande mmoja: mkaguzi wa hesabu anatazama fedha, mkaguzi wa vyeti vya ubora anatazama stoo ya dawa, vyoo na chumba baridi, mnunuzi anatazama tunda. Nani aliyepewa kazi ya kumtazama mama anayeokota kuni mpakani? Ilikuwa vivyo hivyo Kericho: Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay, nyumba mbili za biashara zenye sera nene za ulinzi wa wafanyakazi. Hapo nako waliochuma chai walijua. Sera ndiyo haikujua.

Swali la kwa nini mambo haya yasikizwe London, na si Murang'a, lina jibu la kisheria ambalo wakurugenzi wengi wa hapa walichelewa kulielewa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanakijiji wa Zambia waishtaki huko kampuni mama, Vedanta, kuhusu uchafuzi uliodaiwa kutoka mgodi wa kampuni tanzu yake. Februari 2021, mwezi uleule Camellia ilipotangaza makubaliano yake, mahakama hiyo ikasema jamii za Niger Delta nazo zina hoja ya kusikizwa dhidi ya Shell. Mantiki ni nyepesi: kampuni mama ikijitwalia usimamizi wa kampuni tanzu, au ikiuambia ulimwengu kwamba inasimamia viwango vyake, inaweza kuulizwa usimamizi huo ulikuwa wapi. Angalia jinsi hoja hiyo inavyobana. Sera nzuri iliyochapishwa kwa ajili ya kupendezesha jina yaweza kugeuka ushahidi, maana ndiyo inayoonyesha nani alidai kuwa msimamizi. Kitengo cha mawasiliano kinapoandika ahadi ambayo hakuna mtu wa kuitekeleza langoni, hakilindi jina. Kinaandaa karatasi za mlalamikaji.

Juni 2023, Guardian na Bureau of Investigative Journalism walichapisha tuhuma za kujeruhi na kuua dhidi ya walinzi wa shamba la Del Monte, na mawakili walewale wa Leigh Day walikuwa wakiwawakilisha watu 134. Tesco ikasimamisha oda. Kampuni ikasema inazichukulia tuhuma hizo kwa uzito na kuanzisha uchunguzi. Karibu na Krismasi ya mwaka huo miili ya vijana wanne ilitolewa kwenye mto Thika baada ya wao kudaiwa kuingia shambani kutafuta mananasi. Kampuni ilikana kwamba walinzi wake walihusika, familia na wanaharakati hawakuridhika. Mwaka 2024 kikosi cha walinzi wa kampuni kikavunjwa na ulinzi ukakabidhiwa kampuni ya ulinzi ya G4S. Mimi si hakimu wa vifo hivyo, na sitajifanya. Ninachoweza kuhoji ni kalenda. Kati ya Oktoba 2020 na Juni 2023 kuna miaka miwili na zaidi. Katika muda huo, shamba la Kakuzi, lililo mwendo mfupi wa matatu kutoka Thika, lilipoteza wanunuzi, likamgharimu mmiliki wake mamilioni, likaunda kamati huru ya ushauri wa haki za binadamu chini ya Profesa Githu Muigai, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu. Wanunuzi walikuwa walewale, tuhuma zilikuwa za aina ileile, mawakili walikuwa walewale. Bodi yoyote yenye mtu mmoja anayesoma magazeti ya Thika ingeuliza katika kikao kilichofuata: na sisi, walinzi wetu wanafanya nini usiku? Kama swali hilo liliulizwa, jibu lake halikuonekana kwenye fensi kwa wakati.

Anayedhani haya ni matatizo ya mashamba ya wageni tu na aangalie biashara zetu wenyewe. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilikuwa fahari ya mji kwa mji, Thika ukiwamo. Wasambazaji wa maziwa, mkate na mboga walijua kwamba haiwalipi muda mrefu kabla ya msimamizi kuteuliwa Januari 2018, na mteja wa kawaida alijua kwa kutazama rafu zilizopangwa chupa moja moja mbele ili kuficha utupu wa nyuma. Taarifa rasmi zilikuwa bado zinazungumzia mwekezaji anayekuja. Biashara hiyo ilikuwa ya familia, haikuorodheshwa, na hapakuwa na mahali ambapo kilio cha msambazaji kingekuwa ajenda. Imperial Bank ni kisa kigumu zaidi kwa hoja yangu, nami nakileta makusudi. Jina lake lilikuwa safi. Mwaka 2015 ilikubaliwa kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 2, kisha Septemba mkurugenzi mkuu wake akafariki ghafla, na Oktoba Benki Kuu ikaifunga baada ya udanganyifu wa miaka mingi kufichuka. Hapa majirani hawakujua. Wenye akiba walishangaa kama kila mtu. Lakini ndani ya benki, miamala hiyo ilipita mikononi mwa watu. Wakurugenzi wasio watendaji walisema hawakujua, na mimi niko tayari kuwaamini. Lakini neno hilo haliwatetei. Linaeleza kwa usahihi ugonjwa uliokuwapo: habari zote zilifika kwenye bodi kupitia mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na sababu ya kuzificha.

Pingamizi zito zaidi ninalolijua halitoki kwa wakurugenzi, linatoka kwa majirani wenyewe. Wizi wa mananasi na parachichi upo, na si wa mtoto mwenye njaa peke yake. Kampuni zimelalamika mara nyingi kuhusu magenge yanayoingia usiku kwa pikipiki na kuuza mzigo barabarani, na walinzi nao wameumizwa. Mkulima mdogo wa Gatanga au Kandara mwenye miti yake michache ya parachichi anayejua uchungu wa kuamka na kukuta matunda hayapo hawezi kuambiwa kwamba kulinda mali ni dhambi. Nakubali kila neno la hoja hii ila hitimisho lake. Kadiri wizi unavyokuwa wa magenge, ndivyo mlinzi anavyohitaji amri iliyo wazi, mafunzo, taa, kitabu cha matukio na simu ya polisi inayojibiwa. Na ndivyo bodi inavyohitaji kujua kila usiku palitokea nini. Mlinzi aliyepewa rungu na mbwa bila mipaka ya mamlaka yake ameachiwa uamuzi mkubwa kuliko wa meneja wa fedha, ambaye hawezi kutoa hundi kubwa bila sahihi ya pili. Kampuni iliyoweka sahihi mbili kwenye hundi na haikuweka hata moja kwenye nguvu imekosea kukadiria hatari yake ilipo. Na kuhamishia kazi hiyo kwa kampuni ya ulinzi hakumalizi jambo: sare hubadilika, fensi ni ileile, na jina lililo kwenye kopo la mananasi halikubadilika pia.

Wengine husema, kwa hasira ninayoielewa, kwamba duka la Uingereza linapositisha oda, anayelala njaa ni kibarua wa Makuyu na si mkurugenzi. Kwamba wanunuzi hao waliobana bei miaka yote leo wanavaa kanzu ya uhakimu. Kwamba nchi iliyogawa ardhi hii kwa walowezi haina haki ya kutufundisha adabu. Historia ya ardhi ya Murang'a na Kiambu inalitia pingamizi hili nguvu, na wanaodai sehemu ya mashamba haya kwa niaba ya wazee wao wangali hai na wana kesi zao. Hata hivyo hoja hiyo inalaumu dawa kwa uchungu wake na kuusahau ugonjwa. Duka la London lilipata nguvu ya kuhukumu kwa sababu kila kituo kilicho karibu kilipitwa: mzee wa mtaa, chifu, kituo cha polisi, ofisi ya meneja, bodi. Kama malalamiko yangekoma kwa haki katika kituo cha pili, Tesco isingekuwa na la kusema. Anayechukia kuhukumiwa kutoka mbali ana kila sababu ya kudai ukaguzi wa karibu ulio mkali zaidi, na Kenya ilishajipa msingi wa kufanya hivyo ilipotangaza mwaka 2021 mpango wa kitaifa wa biashara na haki za binadamu, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kuwa nao.

Lipo pia pingamizi la wenye mashaka: kwamba kamati, simu ya malalamiko na profesa mwenyekiti ni vipodozi tu, pesa ya kununulia muda mpaka magazeti yasahau. Huenda. Wasiwasi huo hauondolewi kwa mapenzi mema, unaondolewa kwa takwimu, na hapa ndipo kurasa za ripoti za mwaka zinaponikera. Zinanieleza miche mingapi ilipandwa. Hazinielezi kwa ukawaida uleule malalamiko mangapi dhidi ya walinzi yalipokelewa, mangapi yalithibitishwa, yalichukua siku ngapi, nani alilipwa, nani alifukuzwa kazi, na mkurugenzi gani kwa jina lake aliyasoma. Takwimu hizo zina ugumu wake: mwaka wa kwanza malalamiko yataongezeka, kwa kuwa watu wameanza kuliamini dirisha, na mhariri asiyeelewa ataandika kwamba hali imekuwa mbaya. Mwenyekiti mwenye busara atalitangaza ongezeko hilo mapema yeye mwenyewe. Shamba kubwa lililopakana na vijiji vingi na likapokea malalamiko sifuri kwa mwaka halijafaulu. Dirisha lake limefungwa.

Ugumu wa mwisho ni wa wapi pa kuliandika sharti la kutoa takwimu hizi. Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinaifikia Kakuzi kwa kuwa hisa zake zinauzwa Nairobi. Haziifikii kampuni tanzu ya Thika, ambayo mama yake huwaripotia wanahisa wa soko la New York, wala hazigusi biashara ya familia inayokua kama Nakumatt ilivyokua. Kusubiri soko la hisa liwalinde majirani ni kusubiri chombo kilichoundwa kwa ajili ya mwenye hisa. Lakini mashamba haya yanakaa juu ya ardhi ya kukodishwa, na kanuni za 2017 za kuongeza na kuhuisha mikataba ya ardhi zinazipa serikali za kaunti nafasi ya kusema kabla mkataba haujatiwa muhuri. Kiambu na Murang'a zimeitumia nafasi hiyo zaidi kudai ekari za kurudishiwa wananchi, jambo lenye haki yake. Zingeweza pia kudai, katika hati ileile, kwamba kila mwaka kampuni itoe takwimu za malalamiko nilizozitaja kwa Kiswahili na Kikuyu, izibandike kwenye ofisi za wodi na kuzisoma mbele ya mkutano wa hadhara, mkurugenzi mmoja wa bodi akiwapo kujibu maswali. Gharama yake haifiki ile ya kuchapa ripoti moja ya rangi.